Madoa Kumi na Moja

Watu wa muziki walimwita Sabuni, na jina hilo hakulikataa hata siku moja. Ukimpelekea wimbo wenye kikohozi, mkwaruzo wa kiti au sauti iliyoteleza kidogo, aliusugua siku mbili ndani ya chumba chake kilichobandikwa magodoro ukutani. Ukirudi, unaukuta unang'aa, hauna hata unywele. Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo ilimpa vitu viwili: mgongo unaouma na kiburi. Mgongo aliulalamikia kila asubuhi. Kiburi alikitunza vizuri.

Kwa hiyo binti yake, mpiga dramu wa bendi ya roki iliyoitwa Mabati, alipotaka kurekodi nyimbo zao kumi, nani mwingine angeipata kazi ile? Sabuni aliwarekodi kama anavyorekodi wote: mmoja mmoja, kila mtu na siku yake, ili mlio wa mmoja usimwagikie kwenye maiki ya mwenzake. Jumatatu, dramu. Jumatano, gitaa la besi, lililopigwa na nesi aliyefika na sare yake ya kazini. Ijumaa, gitaa la fundi umeme. Mwisho kabisa kinyozi, ambaye ndiye mwimbaji wao, aliimba peke yake akitazamana na godoro. Kila mmoja alivaa hedifoni zilizomlia tiki-tiki, tiki-tiki, kama saa isiyo na huruma, asije akakimbia au akachelewa.

Na bado binti alikimbia. Mara kumi na moja katika nyimbo kumi, kila wimbo ulipokaribia kupanda, dramu ziliitangulia ile tiki-tiki kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mtu mwingine asingesikia. Sabuni alizinasa zote kumi na moja, akazikata, akazirudisha mahali pake, kisha akamwita binti asikilize.

"Unaonaje?"

Binti alisikiliza wimbo mzima ameinamisha kichwa. "Ni safi, Mama."

"Na wewe si mbaya."

Si mbaya ndiyo ilikuwa sifa ya juu kabisa nyumbani kwao. Binti alipoanza kutembea, si mbaya. Alipofaulu mtihani wa mwisho shuleni, si mbaya. Alipojifunza dramu kwa kugonga masufuria mpaka majirani wakaja mlangoni kulalamika, mama aliwafukuza majirani, akafunga mlango, akasema si mbaya. Alimpenda mtoto yule mpaka kifua kikambana, lakini maneno matamu yalimkaa kooni kama kidonge kikubwa.

Rekodi ilipelekwa kwenye kumbi tatu, na zote tatu zikakataa. Mwenye ukumbi wa tatu hakuzunguka mbuyu. "Mnapiga vizuri sana," alisema. "Mimi nilisinzia." Mabati wakakaa kikao kwenye viti vya kinyozi, wakakubaliana: wanajaribu ukumbi wa nne, ule mkubwa, na ukikataa basi. Nesi atakubali uhamisho ambao ameukwepa mara mbili, dramu zitapewa shule yoyote itakayozitaka, na kila mtu atarudi kwenye kazi yake.

Mwenye ukumbi wa nne hakutaka hata kuisikia rekodi, na wala si kwa maringo. Miaka thelathini ya kusimama kando ya spika ilimwachia nusu ya sikio moja. Jingine lilibaki pambo. Kwa hiyo alikuwa na namna yake ya kupima bendi. Jumapili saa tisa alasiri alipanga viti mia na hamsini vya wateja kwa mistari iliyonyooka, akaikaribisha bendi ipige nyimbo sita, kisha akapanda kukaa kwenye ngazi za nyuma na kutazama viti. Jukwaa hakulitazama kabisa. Mistari ikibaki imenyooka mpaka mwisho, asanteni, kwaherini. Ikivurugika, ukumbi ni wenu kila Jumapili, mwaka mzima.

Wiki hiyo hiyo fundi mitambo wa ukumbi akaugua, na binti hakuwa na pa kukimbilia ila kwa mama yake. Sabuni hakuwahi kuwaona Mabati jukwaani. Alialikwa mara nyingi, na kila mara alipata udhuru, maana aliamini wimbo ni ule ulio kwenye rekodi. Ukumbini ni jasho na vurugu tu. Lakini kazi ni kazi. Alifika saa tano asubuhi na nyaya zake mwenyewe zilizokunjwa vizuri, akapanga meza ya mitambo katikati ya ukumbi, akaweka maiki ndogo ya kuongea na jukwaa, akavuta stuli ndefu akakaa. Kisha akampelekea binti hedifoni.

"Za nini, Mama?"

"Za tiki-tiki. Leo mtapiga kama rekodi. Hata pumzi haitapotea njia."

"Lazima?"

"Unautaka ukumbi au huutaki?"

Binti alizivaa. Alilelewa vizuri, maskini, na siku hiyo malezi mema yalikaribia kumponza.

Wimbo wa kwanza ulitoka safi. Sabuni alivimba kwa fahari. Kila chombo kilisikika mahali pake kama vikombe kabatini. Watu walipiga makofi ya adabu. Wimbo wa pili ukatoka safi vilevile, na makofi yakapungua. Mstari wa mbele mama mmoja mwenye mwavuli wa kijani alitazama saa yake. Viti vilikaa kama vilivyopangwa, na kule juu kwenye ngazi, mwenye ukumbi alipiga miayo bila kuficha.

Katikati ya wimbo wa tatu, Sabuni aliona bega la kushoto la binti yake likiinama. Alilijua bega lile tangu enzi za masufuria. Liliinama hivyo kila mtoto alipotaka kukimbia. Dramu zikatangulia, kidogo tu, na papo hapo mguu wa mama mwenye mwavuli ukanyanyuka kutoka sakafuni. Kisha tiki-tiki ikamvuta binti nyuma. Mguu ukarudi chini, ukatulia.

Mahali pale Sabuni alipajua. Lilikuwa doa la nne katika yale kumi na moja, alilolikata kwa mkono wake na kujipongeza kwa chai ya moto. Masikio yake yaliyokuwa hayajawahi kumdanganya yalimwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia: wimbo ulikuwa unaanzia pale pale alipoukata. Yeye ndiye aliyewalaza wenye kumbi tatu.

Wimbo wa tatu ulipokwisha, zilibaki nyimbo tatu. Alipiga moyo konde, akashika kidude cha tiki-tiki, akakishusha mpaka chini.

Kule jukwaani binti aligutuka. Saa imekufa masikioni. Akainua macho kumtafuta mama yake, na Sabuni akanyoosha mikono yote miwili juu, mitupu, ili aone haishiki kitu.

Binti akazivua hedifoni, akazitupa chini, akaingia wimbo wa nne kama mtu aliyefunguliwa mlango. Fundi umeme alisikia tofauti akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatazamana na binti. Nesi akasogea mpaka goti lake likakaribia dramu kubwa. Bega likainama, binti akakimbia, na safari hii hakukuwa na wa kumrudisha. Wenzake wote walikimbia naye, kwa kuwa walikuwa wanamwona. Sakafu ya mbao ikatetemeka. Besi ikamgonga Sabuni kifuani, mahali ambapo hedifoni hazifiki. Kinyozi alipanda kwenye sauti iliyo juu kuliko uwezo wake, sauti ikapasuka, mpasuko mbaya ambao Sabuni angeusugua mpaka usiku, na ukumbi mzima ukaujibu kwa kelele.

Watu walianza kupiga makofi, tena nje ya mdundo kabisa. Chumbani kwake angewafuta wote. Binti alitega sikio, akawafuata, akawaokota pale walipokuwa, akawapandisha polepole mpaka makofi na dramu vikawa kitu kimoja. Wimbo ulipaswa kwisha, haukwisha. Kinyozi alirudia kipande cha mwisho mara mbili, mara tatu, kwa sababu watu walikitaka, na hakuna aliyejua kitaishia wapi, hata wenyewe waliokitunga. Mwavuli wa kijani ulikuwa juu hewani. Viti vilisukumwa, vikaegemeana, vikapanguka mstari baada ya mstari. Sabuni alipandisha sauti za maiki huku machozi yakimtiririka, na hakujua yalianza saa ngapi.

Bendi ilipomaliza wimbo wa sita, ukumbi ulikuwa kama nyumba inayohamwa. Mwenye ukumbi alishuka ngazi akiruka viti vilivyolala, akaja moja kwa moja kwenye meza ya mitambo.

"Viti vyangu vimekwisha, fundi," alisema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Lakini mimi nilishaamua tangu wimbo wa nne. Unajua nilitazama kiti gani?"

Alinyoosha kidole nyuma ya Sabuni. Stuli ndefu ilikuwa imelala sakafuni, miguu juu. Sabuni aliitazama kwa mshangao; hakukumbuka kusimama.

"Nimekaa na mafundi mitambo miaka thelathini. Wote wanakaa. Wengine wanakula. Wa kwanza kuangusha kiti leo ni wewe, kabla ya wateja wangu! Waambie Jumapili ijayo waje mapema. Sasa niambie, yule mpiga dramu mmemtoa wapi?"

"Ni mwanangu," alisema Sabuni, kwa sauti yake ya chumba cha magodoro.

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Nini?"

"Mwanangu."

"Paza sauti, mama! Mimi kiziwi!"

Sabuni alivuta pumzi. Kile kidonge kikubwa kilikuwa bado kooni, pale kilipokaa miaka yote, na hapakuwa na njia ya kuongea na mtu huyu bila kukitema.

"Mwanangu!" alipiga ukelele. "Yule pale ni mwanangu! Nimerekodi wapiga dramu wa kila aina, na hakuna hata mmoja wa kumfikia!"

Maneno yakatoka kwenye spika zote, yakaugonga ukuta wa mwisho, yakarudi. Ile maiki ndogo ya mezani ilikuwa wazi. Katika miaka ishirini na sita, Sabuni hakuwahi kusahau maiki ikiwa wazi, na wanafunzi wake wote aliwagombeza kwa kosa hilo hilo. Watu waliokuwa wakiokota mikoba yao wakageuka. Nesi akafunika mdomo. Binti alisimama katikati ya dramu zake, vijiti mkononi, uso umelowa jasho, akimtazama mama yake kama anayesubiri asikie vizuri zaidi.

Mkono wa Sabuni ulikwenda wenyewe kwenye kidude cha maiki ile, kwa mazoea, ili kukishusha. Ukafika, ukakigusa. Kisha akakisukuma juu kidogo, akainama karibu, akasema tena.