Matanga ya Kunguni

Usiku wa jana niliota, na kabla hamjanisingizia shibe, mwenzenu nililala na kikombe cha uji tu. Nililala na mawazo pia. Mimi ni mshauri nasaha wa zahanati, na leo asubuhi nilikuwa na miadi na mteja aliyekuwa amenishinda.

Nitamwita Mwantumu. Si jina lake, kazi yetu ina siri. Alijifungua mtoto ambaye hakulia, na tangu siku hiyo hali, halali, anakunywa chai ya rangi na kuutazama ukuta. Wifi yake alimleta kwangu mara mbili. Mara zote nikimuuliza habari anasema nzuri, nikimuuliza nyumbani anasema salama. Basi pale kwenye kimya mimi nikapajaza. Nina mdomo, jamani, hata marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa umetangulia mdomo. Nikamwambia wewe bado kijana, piga moyo konde, Mungu atakupa mwingine. Akaitikia amin, vizuri tu, kisha mlangoni akaniambia atarudi siku moja zaidi ili kumridhisha wifi yake, baada ya hapo nisimsumbue. Wifi akanivuta pembeni. Asipofunguka Jumatano, alisema, huyu tumeshamkosa.

Leo ndiyo Jumatano.

Sasa, ndotoni, naingia ofisini. Nataka kukaa kwenye kiti changu, kile cha plastiki cheupe, kinasogea. Namfuata, anasogea tena. Nasema "namfuata" kwa sababu alikuwa ameshaanza kuongea, na mtu anayeongea na wewe huwezi kumwita kitu.

"Mshauri huanzia pale alipo mteja," kiti akasema. "Mteja yuko hapa?"

Nikamjibu hayupo.

"Basi ukikaa hapa utakuwa unaanzia wapi?"

Nikaona ana hoja. Nikatoka nikaenda mapokezi kuuliza njia.

Mapokezi alikuwa amekaa chupa ya chai, amevaa koti jeupe, na ilionekana ndiye msimamizi wa zamu. Akaniambia kwa mteja huyu hakuendwi na mdomo, niuache pale. Nikauvua kama mtu anavyovua hereni, nikauweka kwenye bakuli, akaufunika kwa kawa. Mdomo haukunyamaza hata kidogo. Nausikia chini ya kawa unaendelea na kazi: kila jambo na wakati wake, umejaribu mchaichai, usiwaze sana. Mzee mmoja aliyekuja kung'olewa jino aliusikiliza, akaushukuru, akarudi nyumbani na jino lake.

Chupa ya chai akanionyesha mlango wa stoo. Nafungua, naingia, natokea kitandani kwa Mwantumu.

Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hilo nimelitumia kwenye semina, tena kwa mbwembwe, na watu wakapiga makofi. Sikutegemea siku moja nitatambulishwa kwao. Nimekuwa mdogo kama punje ya mtama, mikunjo ya shuka ni vilima, na mbele yangu amesimama kunguni mmoja mtu mzima, amevaa kofia ya kiua.

"Karibu mwanangu," akasema. "Vua viatu, kuna msiba."

Nikavua. Kweli kulikuwa na msiba. Walikuwa wamefunga turubai la kipande cha chandarua, wametandika mkeka wa ukindu mmoja, na kahawa inapita kwenye kifuniko cha peni. Kunguni wa kike wamejitanda, mmoja anafuta pua. Wanaume wamekaa nje ya turubai, wanazungumza taratibu juu ya bei ya damu. Kila kitu kilikuwa kama kwetu.

Nilitaka kuuliza ni msiba wa nani, sina cha kuulizia. Yule mzee akausoma uso wangu.

"Wa mtoto wa humu ndani," akasema. "Watu hawakuweka matanga. Walizika haraka, wakamwambia mama mtu asilie, wakaenda zao. Nyumba haikai hivyo. Ikabidi tuweke sisi."

Akanipisha mkekani, akaongeza kwamba huwa wanamng'ata Mwantumu usiku, kidogo tu, ili akishtuka ajue hayuko peke yake. Hawajui njia nyingine, akasema, wao ni kunguni.

Nikakaa. Kwenye msiba mtu husema pole, nami pole yangu ilikuwa mapokezi chini ya kawa. Nikabaki nimekaa tu, mikono mapajani. Na hapo, kwa mbali, nikausikia mdomo wangu kule bakulini: "Mungu atakupa mwingine." Wafiwa wote wakageuka wakanitazama. Nilipata aibu ambayo sijawahi kuipata nikiwa macho, nikatamani godoro linimeze.

Godoro halikunimeza. Lilichukuliwa na upepo likawekwa katikati ya shamba la mkonge, nami nikawa na ukubwa wangu, nimekaa ukingoni mwa kitanda. Upande wa pili amekaa Mwantumu. Hatutazamani. Hakuna aliyeshangaa, hata mkonge.

Akaja mwanamke mnene, anahema, amejitanda kanga mbili. Alikuwa ni Bi. Ukimya, nilimjua bila kuambiwa. Akakaa katikati yetu, kitanda kikalia.

"Nisogezee kidogo," akaniambia. "Ofisini kwako sijawahi kukaa hata nikakunja miguu. Kila nikifika unaniamsha."

Ni kweli tupu. Nikamsogezea. Akakunja miguu, akatoa pumzi, akatulia. Jua likapanda, likashuka, likapanda tena kwa kusahau. Mguu wangu ukafa ganzi. Mwantumu akaanza kutikisika mabega, na mimi, mazoea yana taabu, mkono ukaenda mfukoni kutafuta leso. Leso ikanishika kidole.

"Ukinitoa sasa hivi," ikaninong'oneza, "atadhani umemwambia anyamaze."

Nikaitoa taratibu, nikaiweka kitandani, karibu naye, aichukue mwenyewe akitaka. Hakuichukua.

Akaanza kusema. Hakuniambia mimi, aliliambia bega la Bi. Ukimya, ambalo lilikuwa pana na halina haraka. Alisema wanawake wa mtaani walikuja wakamuuliza kama damu imekata, kama amekula, kama mgongo unauma, na yote aliyajibu. Alisema maziwa yalikuja. Watu wote walijua, isipokuwa maziwa. Yalikuja kwa wakati wake na yeye akawa anayakamulia kwenye kikombe, halafu hajui ayamwage wapi.

Alisema alipokuwa mjamzito majirani walishaanza kumtania, mama kijacho pita, mama kijacho kaa kivulini. Siku ya pili baada ya maziko wakamwita kwa jina lake la usichana, wakiona wanamhurumia.

"Wamenirudisha Mwantumu," akasema. "Na mimi nilishatoka huko."

Akatoa kofia ndogo ya sufu, ya manjano, aliyoifuma mwenyewe. Akanipa niishike. Niliipokea kwa mikono miwili, na uzi wa ukingoni ukaninasa kwenye kidole cha mwisho. Nililia, wallahi. Kulia bila mdomo ni kazi ngumu, machozi yanakosa pengine pa kupita, yote yanapita machoni.

Ndipo yule mzee kunguni akatokea kwenye mikonge na sinia, na kwenye sinia mdomo wangu.

"Mdomo wako umesema peke yake mpaka umechoka," akaniambia. "Tunakurudishia. Una swali moja. Ukitoa ushauri tunaurudisha bakulini, na safari hii na kawa tunaifunga kamba."

Nikauvaa. Ulikuwa wa baridi. Na hamtaamini, ile "Mungu ata—" ilikuwa imeshafika kwenye meno, imesimama pale inasubiri mlango. Niliimeza. Ilinikwangua kooni mpaka chini. Nikatafuta ni kitu gani ambacho hakuna aliyemuuliza, si mimi, si majirani, si wifi yake anayempenda hivyo.

"Mwanao anaitwa nani?" nikamuuliza.

Mwantumu akanigeukia kwa mara ya kwanza. Bi. Ukimya akanyanyuka mwenyewe, bila kuamshwa, akajifunga kanga yake vizuri. Mwantumu akafungua kinywa.

Jogoo wa jirani akawika, nikaamka. Jogoo huyo nina neno naye, lakini si leo.

Kitu cha kwanza nilishika mdomo, ulikuwepo. Cha pili nikataka kujikuna jicho, nikaona kidole changu cha mwisho kimezungushiwa uzi wa sufu wa manjano. Kwangu hakuna sufu. Mimi hata kifungo cha shati hukipeleka kwa fundi. Nikauvua taratibu, nikaufunga kwenye leso.

Asubuhi Mwantumu akaja na wifi yake. Wifi akabaki benchi la nje. Nikamkaribisha Mwantumu ndani, nikamuuliza habari, akasema nzuri. Nikakaa, kiti kikakubali. Leso nyingine, safi, nikaiweka mezani upande wake. Halafu nikasogea kidogo kumpisha Bi. Ukimya, na jamani, alikaa. Mdomo ulinitekenya, nikaung'ata. Nje wifi akakohoa, pikipiki ikapita, mtu akaita namba ya dawa. Mwantumu alikuwa anatazama mikono yake.

Nilipoona mabega yake yameanza kutikisika, nikamuuliza lile swali langu moja.

Akainua macho, akaniangalia.

"Salha," akasema. "Ni jina la bibi yake mzaa baba." Akalia, hakujifunika uso. "Dada, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

Nikamuuliza kama angependa kunieleza habari za Salha. Alikuwa nazo nyingi kuliko nilivyodhani. Salha alikuwa anapiga teke akisikia adhana ya alfajiri. Salha hakutaka mama yake ale dagaa. Salha alikuwa na nywele nyingi, zimelala mpaka kwenye masikio, alimwona kabla hawajamfunika. Katikati ya maneno akafungua mkoba, akatoa kofia ya manjano. Akaigeuzageuza, akasema ajabu, jana ilikuwa nzima, leo ameikuta imefumuka ukingoni na uzi hauonekani.

Nikafungua leso yangu, nikampa. Hakuniuliza nimeutoa wapi. Aliulinganisha na ukingo, akaukubali, akaufunga fundo palepale huku anaendelea kusimulia.

Alipomaliza nikamfungulia mlango. Wifi yake akasimama, macho yanauliza. Sikumjibu, si yangu ya kusema. Nikamwambia mteja wangu, kwa sauti ya kawaida, benchi zima likasikia: "Karibu tena Jumatano, Mama Salha."

Akageuka mara moja, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Ahsante dada, nitakuja," akasema. Kisha akamwambia wifi yake wapitie gengeni wanunue ndizi, anasikia njaa. Wifi alishika kiuno, akakaa tena kwenye benchi, akalia yeye.

Nimewaambia Mwantumu ni jina la kubandika, na litabaki hivyo. La mtoto nilitaka kulibadilisha pia. Mama yake ndiye aliyenikataza nilipomwomba ruhusa ya kusimulia, alisema nilitaje.