Safu ya Maelezo

Mwaka 1996 Klementina alikuwa karani wa kompyuta katika ofisi moja ya utafiti wa kifafa pale Ifakara, na kwa kompyuta alikuwa anajidai kidogo. Aliingiza majibu ya wagonjwa kwenye jedwali, kisha akayaficha majina yao kabla faili halijatoka chumbani mwake.

Kuficha majina hakukumtoa jasho. Aliandika amri moja kwenye kioo cheusi, akataja faili, akataja safu ya majina, akabonyeza. Edna akawa F417. Ndiyo maana alithubutu kumwahidi shangazi yake wa Katindiuka, mama mzazi wa Edna, kwamba hakuna atakayejua.

"Mwanangu, posa imeshakubaliwa," shangazi alimwambia. "Wakijua anaanguka, hawarudi hapa." Alikuwa akimvalisha binti yake mikono mirefu hata jua likiwaka, ili kovu la moto lisionekane.

Balaa lenyewe ni kwamba faili lilikwenda kwa Donati, mtakwimu wa ofisi, na Donati ni kaka wa Anselim, mchumba wa Edna. Klementina alimpa disketi bila wasiwasi.

Wasiwasi ulimjia kesho yake, alipomsikia Evod, mhojaji wao aliyeandika maelezo ya wagonjwa, akimwamkia mpita njia, "Shikamoo Mama Beno!" Evod alilelewa vizuri mno. Mtu mzima hamtaji kwa jina tupu, si kwa mdomo wala kwa kalamu. Klementina akafungua faili, akaisoma safu ya maelezo: "F417. Binti wa Mama Polikarpo, Katindiuka. Alianguka jikoni, akaungua mkono." Amri yake ilikuwa haijaigusa safu hiyo. Na Katindiuka nzima ina Mama Polikarpo mmoja tu, shangazi yake.

Alikwenda kwa Donati. Donati alikuwa ameshalifungua faili. Akamrudishia disketi.

"Dada Klementina, safu ya maelezo nayo uipitishe," alisema, akaendelea na kazi yake.

Klementina akairudia kazi, akapitisha kila safu, lakini kilichosomwa kimeshasomwa. Shangazi yake hakumwambia neno, yeye Klementina. Aliogopa, basi.

Siku ya mahari, upande wa mume ulikuja na Donati akiwa msemaji wao. Salamu zikaisha, soda zikanywewa. Donati akakohoa. Klementina akajua ndiyo yanaanza.

"Mama, tuna neno moja," alisema Donati. "Kwetu binti yenu hatapikia mafiga ya chini. Anselim amemjengea jiko la matofali, la kupikia umesimama, moto umezibwa pande zote."

"Asanteni, wanangu," alisema shangazi, akidhani ni majivuno ya watu wenye nafasi.

"Alilianza tangu kiangazi kile kingine. Sisi tukamcheka, tunadhani wazimu."

Kiangazi kile! Utafiti ulikuwa hata haujaanza. Klementina akamtazama Anselim, naye Anselim alikuwa anautazama mlango wa ndani, maana Edna alikuwa ameitwa aje kuulizwa kama anawafahamu wageni.

Edna akatoka. Alikuwa amevaa gauni la mikono mifupi.