Sauti Iliyofika Barabarani

Silvester alikuwa fundi redio hapa Ipogolo. Kibanda chake kilitazamana na hoteli yangu ya chai, barabara kuu ikipita katikati. Kazi aliijua, na kujisifu alijua zaidi.

Mwaka sabini na nne wezi walituandama kweli. Malori ya Zambia yalikuwa yanalala hapa, na pamoja nayo walilala watu tusiowajua. Nyumba ya Silvester ilikuwa peke yake juu kilimani. Mara mbili ilivunjwa mchana kweupe, mkewe Matilda akiwa shambani, na mara ya pili wakaondoka na cherehani yake. Ndipo Silvester akaunda mtambo. Alichukua kipaza sauti cha simu mbovu, vipande vya redio zilizokufa na betri, akavifunga pamoja na kuviweka juu ya kabati chumbani. Mtambo usikilize nyumba. Yeye kibandani apeleke sindano ya redio mwisho kabisa, mahali pasipo na stesheni, asikie kama mlango unavunjwa.

Shida ikawa umbali. Sauti ilifika kwenye mparachichi wa jirani ikafia hapo. Alipanda na kushuka kile kilima na redio begani mpaka tukamwonea huruma. Mwishowe akakata mianzi mirefu inayogemwa pombe ya ulanzi kule bondeni, wagema wakamtukana, akaisimika nyuma ya nyumba na kuvuta waya wa shaba kutoka mwanzi hadi mwanzi.

Alhamisi moja mchana akavuka barabara anacheka. "Dada Lea, washa redio yako. Peleka sindano mwisho kabisa."

Nikapeleka. Tukasikia kuku anapiga kelele za kutaga, karibu kama yuko chini ya meza. Hoteli nzima ikaangua kicheko. Madereva wakawasha redio zao kwenye malori, baa ya jirani nayo ikafungulia, kila mtu anamtafuta kuku wa Silvester. Mama yake, tuliyemwita Mama Silvester, alikuwa ametoka kanisani na kukaa kwenye benchi langu na kikombe cha chai, akipokea pongezi kama mtambo kauunda yeye.

"Nyumbani hakuna mtu," Silvester alitangaza. "Matilda yuko kanisani na akina mama wenzake."

Matilda hakuwa kanisani. Tulisikia mlango ukifunguliwa, kigoda kikivutwa, halafu kilio cha mwanamke anayedhani yuko peke yake.

"Nguluvi wangu, leo tena," sauti ya Matilda ilisema. Alikuwa anasali, akimwita Mungu kwa kilugha. "Mama mkwe kanisimamisha mlangoni pa kanisa, mbele ya wenzangu, kaniita mgumba. Nimerudi nyumbani. Miaka tisa nakaa kimya. Daktari alituambia wote wawili, tatizo si langu, ni la mume wangu. Mwenyewe akaniomba nisiseme, nikakubali, maana nampenda. Lakini nimechoka, Baba. Nimechoka sana."

Silvester akaizima redio yangu. Haikusaidia kitu. Sauti ilikuwa inatoka baa, inatoka kwenye malori, inatoka kibandani kwake mwenyewe. Akatoka mbio kupanda kilima.

Nikaiwasha tena. Hakuna aliyezima ya kwake, na mimi nimo. Matilda aliendelea kusali, akimwombea hata yule mama mkwe, na hakuna aliyethubutu kumtazama mama mwenyewe. Kisha tukasikia mlango ukigonga ukuta na mtu akihema.

"Matilda, nyamaza! Wanakusikia!"

"Akina nani?"

"Watu. Barabara nzima. Mtambo unafika."

"Na mama?"

"Na mama yupo."

Nilitegemea matusi, na angekuwa na haki ya kutukana. Lakini Matilda aliongea taratibu, kama mtu anayeomba maji.

"Basi sema na wewe, Silvester. Sema neno moja tu wasikie. Mimi yangu nimemaliza."

Tukasubiri. Mama Silvester alikishika kikombe kwa mikono miwili. Tuliisikia pumzi ya mwanawe, karibu kabisa na kile kipaza sauti. Nilijikuta nasema kimoyomoyo, sema, baba, sema. Aibu yenyewe ingekuwa ya wiki moja, halafu watu wangerudi kuzungumzia bei ya sukari. Badala yake tukasikia kishindo cha waya kung'olewa, na redio zote zikabaki zinakoroma.

Mama Silvester akaweka kikombe chini. "Mmeona? Ingekuwa kweli, angesema."

Na wengi wakalishika hilo. Kesho yake Silvester akapita benchi kwa benchi akieleza kwamba mkewe alikuwa na homa kali, alikuwa anaweweseka. Nilitamani kummwagia chai.

Matilda aliondoka na basi la Mbeya kwenda kwa kaka yake. Nilimfungia maandazi ya njiani. Akaniuliza, "Dada Lea, amewaambia nini?"

"Amesema ulikuwa na homa."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda basi. Mpaka leo najuta kwamba sikumwambia kuwa mimi nilimwamini.

Huko Mbeya aliolewa tena, na sasa ana watoto wawili. Habari ya mtoto wa kwanza ilipofika hapa, Mama Silvester aliacha kuja kunywa chai. Hakuishi sana baada ya hapo.

Juzi mvua ilinyesha mchana kutwa na hoteli ikawa tupu. Silvester akaja, akakaa, akazungusha kikombe bila kunywa. Halafu akainama kunikaribia, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Dada Lea," alinong'ona, "ilikuwa kweli. Ni mimi."

Nilimwonea huruma, na hasira ikanipanda palepale.

"Mimi unaniambia ya nini?" nikamjibu. "Aliyekuwa anangoja useme yuko Mbeya, na hangoji tena."