Jike Namba Ishirini na Saba

...na bwana mifugo hakuinua hata macho, alisema tu kama mtu anayeomba maji ya kunawa, Mama Consolatha, damu inasema huyu si mtoto wa yule, na sindano bado haijaingia, na Felisita amembana kondoo katikati ya magoti, jike namba ishirini na saba, hereni ya njano sikioni, moyo unadunda pale magotini, wa mnyama au wake mwenyewe, hajui... damu inasema, tangu lini damu ikasema, damu humwagika, huganda, huoshwa kwa maji baridi, na kama kweli inasema basi, Mama Maria, itasema mangapi. Labda nilikosea kuandika, anasema Modestus, kidole gumba kinatafuta mshipa wa shingo, ndiyo maana nachukua tena, na Modestus si mtu mbaya, kijana wa Biharamulo, anakuja na pikipiki ya mradi tangu mwaka jana, shikamoo yake inatangulia hata kabla hajazima injini, na siku ya mkutano alieleza vizuri, kwamba wapo kondoo wanaougua minyoo wakafa, na wapo wenye minyoo ileile wananenepa, na siri iko kwenye damu, alama ndogo ambayo mzazi humrithisha mtoto, ukimjua mama na ukimjua baba unaifuata alama kama nyayo kwenye tope, unachagua dume wa kupandisha, na baada ya miaka michache kundi zima linakuwa gumu, watu wakapiga makofi, Felisita naye akapiga, mjinga wee, ulikuwa unapigia nini makofi.

Kule chini barabarani wanapita, leo siku ya tatu, magodoro, masufuria, watoto migongoni, wanaelekea Rusumo mpakani, serikali imesema wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha, na askari wanatembea pembeni, na watu wote wale hakuna anayepiga kelele, ni miguu tu, shwaa, shwaa, afadhali wangelia... Konso amekaa kizingitini anapanga vinyesi vya kondoo mstari mmoja, moja, mbili, nane, mtoto hajafika miaka mitatu, paji la uso pana, na paji hilo si la Thobias mumewe wala si la Felisita, mbona hajawahi kuliona linavyong'aa hivi, au ni jua. Asiyejulikana mama yake tunamtoa kundini, anasema Modestus, si kwa ubaya, anatuharibia hesabu, na Felisita anasikia kundini, anasikia kijijini, anasema ehe, ehe, mwanangu, kama anayesikiliza bei ya chumvi. Nyama ya kondoo yenyewe hali, wanawake wa kwao hawali, aliwafuga kwa sababu mama yake alisema boma lenye kondoo lina utulivu, utulivu gani huu... na yeye hakudanganya, haki ya Mungu hakudanganya, kondoo wa jirani yake Kazimili alizaa mapacha akamkataa mmoja, anampiga kichwa, Kazimili akasema chukua, mama, huyu ni wa kufa, na kondoo wa Felisita asubuhi ileile alikuwa amezaa mfu, basi akafanya kama mama yake alivyokuwa akifanya, akachukua maji ya uzazi ya yule mfu akampaka aliye hai, kichwani, mgongoni, chini ya mkia, akanyunyiza chumvi kidogo, akamsukuma, na mama mfiwa akanusa, akanusa tena, akasimama, maziwa yakashuka. Mradi ulipokuja na daftari, huyu ishirini na saba mama yake nani, Felisita akaonyesha yule, angemwonyesha nani mwingine, mama si ndiye anayenyonywa, nani angeandika vingine.

Hata kwa watu wanapima siku hizi, anasema Modestus, baba akimkana mtoto, damu haina aibu, anacheka, na sindano inaingia, kondoo anaruka kidogo, Felisita anabana... Consolatha wa kwanza alikuwa na miezi minne, aliharisha siku mbili, wakamzika nyuma ya migomba, na siku ya tatu matiti yalikuwa mawe, Felisita akashuka barabarani bila kujua anakwenda wapi, na barabara ilikuwa imejaa watu waliovuka daraja la Rusumo, watu hadi macho yanauma, na mwanamke mmoja mwenye kitenge cha kijani akamtazama kifuani, gauni lililolowa maziwa, akamwekea mtoto mikononi, nishikie, ndaje, nakuja, akainua dumu akaenda kutafuta maji, na lugha yake Felisita aliielewa vizuri, Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu. Mtoto akanyonya. Akamfunga kwa kanga ya marehemu, ilikuwa bado inanukia marehemu, na kadi ya ubatizo ilikuwepo na jina lilikuwepo, Consolatha, akamwita Konso, na Thobias alipomwona hakuuliza sana, alisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Nilimngoja mpaka jua likazama, Felisita akamwambia, hakurudi, atakuwa amekufa, kipindupindu kile, na amesema hivyo mara nyingi, kwa Thobias, kwa Bikira, kwa mto wa kitanda, mpaka maneno yakawa na jua lao la kuzama na vumbi lao, njia ya mwongo fupi wanasema, yake imefika miaka miwili na miezi minane.

Lakini usihangaike, Mama Consolatha, anasema Modestus, kichupa kinaanza kuwa chekundu, mama yake tumempata, damu imemwonyesha, ni namba nane wa mzee Kazimili, juzi nimemwona, mzima kabisa. Mama yake yupo. Mzima kabisa... na hapohapo lile jua la uongo halizami tena, linarudi juu, saa nane mchana, kama ilivyokuwa, kwa sababu hakungoja, Felisita, hukungoja hata fungu moja la rozari, mtoto alibadilisha titi mara moja tu ukageuka ukapanda kilima, na nyuma yako mtu aliita, sauti ya mwanamke, ukaongeza mwendo. Alikuwa hajafa. Alikuwa amekwenda kuchota maji. Na siku hizi tatu umewaogopa askari, umeogopa kuhesabiwa, umeogopa sindano ya kijana wa watu, na askari hawajui lolote, anayejua anatembea kwa miguu, labda leo, labda sasa hivi, anatazama kila nyumba ya mlimani. Konso, anaita, ingia ndani, na sauti inatoka ndogo, mtoto hainuki, nane, anasema, nane, tisa. Sasa nimwandike wa nani, anauliza Modestus, kalamu iko kati ya meno, na Felisita anatazama barabarani, hatafuti tena bunduki za askari, anatafuta kitenge cha kijani, na hajui akikiona atamficha mtoto au atamwinua juu aonekane, na kichupa hakijajaa, miguu inapita, shwaa, shwaa, mshike vizuri, mama, anasema Modestus, bado kidogo, usimwachie.