Dumu la Ushahidi

Uzi ulitoka wa manjano tena. Manjano ya kiburi, kama sufuria ya kwanza, kama ya pili. Mzee Barua aliunyanyua kwa mwiko ukichuruzika maji, akauweka kwenye meza ya jikoni kando ya ile soksi. Soksi yenyewe ilikuwa ndogo, ingeenea dole gumba lake na kubaki, na ilikuwa ya kijani kilichofifia, kama jani lililokulia kivulini. Ubavuni mwake ilikuwapo ya pili, nusu, ingali kwenye sindano. Uzi wa kijani ulimwishia mkewe kwenye kisigino. Akasema atatia rangi mwingine akipata nafuu.

Nafuu haikuja. Mzee Barua hakumlaumu Mungu. Mungu ana mambo mengi. Alilaumu hospitali ile yenye wakuu wa idara kumi na wawili na mashine moja, nayo mbovu. Miezi ya mwisho, vidole vya mkewe vilipokufa ganzi, alikuwa akiikamata mikono ya mumewe, mikono ya fundi viatu iliyozoea ngozi na gundi, akaifundisha kufuma. "Taratibu, baba. Huo si uzi wa kiatu." Hivyo kufuma alijua. Siri ya rangi ndiyo mkewe aliyoondoka nayo.

Na binti yao angejifungua mwisho wa mwezi. Mama yake alimwahidi soksi. Huyo mwanamke hakuwahi kuahidi jambo akalikosa, na mumewe hakuwa tayari akose sasa kwa ajili ya kisigino kimoja.

"Shemeji, umepika uzi au umepika bizari?" Dada wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Alikaa nyumba ya tatu, na pua yake ilikuwa inafika kabla yake.

"Cheka tu. Maganda ya vitunguu nimeweka. Shabu nimeweka, ile ya vinyozi, kijiko kimoja kama alivyokuwa akifanya yeye. Sufu ni ileile, nyeupe, ya fungu lilelile. Sasa kijani kinatoka wapi?"

"Labda vitunguu vimekugomea. Nani hajakugomea?"

Mzee Barua alikata kipande cha uzi mpya, akakifunga kwenye kamba iliyoning'inia dirishani, akakipiga mafundo matatu, kwa kuwa ni sufuria ya tatu. Kuandika vipimo hakukuwa kazi yake. Aliijongelea ile kamba, akavinusa vipande kimoja kimoja kama mtu anayekagua nyama. Tangu msiba hakuna kitu kilichokuwa kimemshughulisha akili namna ile. Hata kula alisahau, na safari hii si kwa huzuni.

"Maji," shemeji alisema ghafla. "Dada alikuwa anakinga maji ya asubuhi. Yale ya kwanza bombani."

"Yale mekundu?"

"Hayohayo. Ukipiga kelele ayamwage, anakuambia yaache yana kazi yake. Ulidhani ni ya kudekia?"

Mzee Barua alikaa kitako. Ndiyo, alidhani ni ya kudekia. Miaka minane mabomba ya mtaa yalitapika kutu, na miaka minane yeye aliandikia ofisi ya maji. Barua kumi na moja, zote kwa herufi kubwa, kwa sababu shule ilimwishia kabla ya kuzizoea herufi ndogo. Wale wa ofisini ndio waliompa jina. Kisha, miezi mitatu baada ya mazishi, wakaja na mabomba mapya ya plastiki, na maji yakatoka meupe kama machozi. Wamemletea maji safi mtu asiyekunywa tena, alisema siku ile, na bomba jipya akalitemea mate.

"Basi tumbukiza msumari wenye kutu, yaishe," shemeji alisema.

Alitumbukiza siku hiyohiyo, misumari kumi. Uzi ukatoka na mabaka meusi kama chui mgonjwa. Mafundo manne.

Kutu ndiyo, akawaza, lakini si ya kurukia hivi. Ile ya mkewe ilikuwa imeyeyuka taratibu, usiku mzima ndani ya bomba. Na ile haipo tena duniani.

Mara akakumbuka kwamba ipo.

Asubuhi alikuwa kwenye dirisha la malalamiko la ofisi ya maji. Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alimwona na kuvuta pumzi ndefu.

"Shikamoo mzee wangu. Ya kumi na mbili hiyo?"

"Marahaba. Leo sina barua. Nataka dumu langu."

"Dumu gani?"

"La lita tano. Nililileta na barua ya saba. Maji machafu, mkapime. Mlipima?"

Karani aliinamisha macho. Akaingia chumba cha nyuma, na Mzee Barua akasikia mafaili yakisukumwa na mtu akipiga chafya. Aliporudi alikuwa amelikumbatia dumu, vumbi limelivika koti. Kifuniko hakijaguswa. Shingoni lilikuwa limefungwa uzi wa kijani, fundo la mkewe, alilolifunga mwenyewe asubuhi ile akicheka, "Wakalijue ni letu."

Miaka mitatu halijafunguliwa! Mdomo ulishajaa maneno yake ya siku zote kuhusu wakubwa na mishahara yao. Ila wazo jingine likamwingia: kama wangefanya kazi yao, wangelipima na kulimwaga.

"Tatizo moja, mzee," karani alisema. "Huu ni ushahidi. Hautoki faili likiwa wazi. Mpaka utie sahihi hapa."

Akamsomea: *Mlalamikaji ameridhika na malalamiko yametatuliwa.*

"Sijaridhika."

"Najua."

"Aliyekunywa kutu miaka minane ameshakufa. Wewe unaniambia nimeridhika?"

"Mimi siandiki fomu, baba. Wanaoziandika wako kikaoni." Akapunguza sauti. "Unalitakia nini, lakini? Maji ya kutu?"

Akamweleza. Vitunguu, shabu, mabaka ya chui, kisigino. Karani alivua miwani, akaugusa ule uzi kwa ncha ya kidole. "Na kijani hiki kinatokana na uchafu wetu?"

"Mnyonge mnyongeni," alisema Mzee Barua kwa shida, "haki yake mpeni."

Kalamu aliishika muda mrefu. Hasira ile ilikuwa imemwamsha kila siku. Hakujua angeamka na nini bila hiyo. Akautazama uzi shingoni mwa dumu. Akatia sahihi, kisha chini yake, kwa herufi kubwa, akaongeza: LAKINI NILISEMA KWELI.

Karani alisoma, akagonga muhuri juu yake bila kufuta neno.

Lita tano ni sufuria moja. Alilitikisa dumu mpaka wekundu uliolala chini ukaamka, akayamimina maji yote isipokuwa mashapo mazito ya mwisho. Maganda, kijiko cha shabu, moto mdogo. Shemeji alikuja na kigoda chake. Safari hii hakutania. Uzi ukaanza manjano tena. Mzee akangoja. Manjano ikachoka, ikawa kama majani makavu, kisha kijani kikapita ndani yake polepole, mfano wa wingu juu ya shamba.

"Shemeji!" shemeji akamshika mkono. "Dada huyo!"

Siku tisa baadaye soksi zilikaa mezani mbili. Kisigino cha pili kilikuwa kimevimba kidogo, kama kimeng'atwa na nyuki. Shemeji alizipeleka mlangoni penye mwanga, akazigeuza. "Rangi moja. Ila hii ya fundi viatu, mtoto atachechemea."

"Atazoea. Mpelekee binti yangu, mwambie mama yake kamaliza."

Hakumsindikiza. Alikuwa amelinyanyua dumu sikioni na kulitikisa. Ndani, mashapo yalijibu: kikombe kimoja, labda na nusu. Akachungulia kapu la vitunguu, akachagua vile vyekundu.

"Shemeji," akaita kabla hajafika mbali, "hivi maganda ya hivi yangetoa rangi gani?"