Neno Alilompa Pettibone

Miaka kumi na moja Seneta Obadiah Trask alidai kitu kimoja tu katika bunge la jimbo: kila mgodi wa makaa ya mawe uwe na njia ya pili ya kutokea. Wenzake walimchoka. Akisimama tu, wao wanafungua magazeti. Hakujali. Alikulia chini ya ardhi, na mdogo wake, Enos, alikuwa bado huko.

Machi ile hesabu ilikaa vizuri: kura kumi na saba kwa kumi na sita. Asubuhi ya kura, Lyman Pettibone, mpinzani wake mkubwa, akamfuata ukumbini macho mekundu.

"Mke wangu yuko hoi, Trask. Treni ni saa nne. Tufungane kura."

Ndivyo walivyozoea. Mwenye dharura hutafuta mpinzani mmoja, wanapeana mikono, na wote wawili hawapigi kura mpaka arudi, kura zao zikifutana. Hakuna sheria iliyosema hivyo, ila aliyevunja hakuaminiwa tena na mtu.

Trask akapiga hesabu: kumi na sita kwa kumi na tano. Bado wanashinda.

"Nenda, bwana. Mkeo kwanza."

Mchana karani akaanza kuita majina. Alipofika kwa Gifford, mtu wa upande wao, kimya. Mlevi yule alikuwa ameingia mitini. Ikawa kumi na tano kwa kumi na tano, na sare maana yake mswada umekufa.

Rafiki yake Amasa Hull akamvuta koti. "Piga, Obadiah! Huyo yuko kwa mgonjwa wake, atajuaje?"

"Nimempa neno langu."

"Neno! Na Enos umempa nini, mpumbavu wewe?"

"Trask!" karani akaita.

Akasimama. "Nimefungana na Pettibone. Sipigi."

Septemba banda la mbao juu ya shimo la mgodi wa kina Enos likashika moto. Shimo la kutokea lilikuwa hilo hilo moja. Wakafa watu arobaini na mmoja, Enos akiwamo. Mazishini Trask alisimama karibu na Keziah, mjane wa Enos, ambaye alijua tu kwamba kura hazikutosha.

Pettibone alikuja, kitambaa cheusi cha msiba kimefungwa mkononi.

"Siku ile mke wangu nilimkuta ameshakata roho," alisema. "Ungepiga tu, Trask. Ningekuwa wewe, ningepiga."

Keziah akageuka. "Upige nini?"

Trask akamweleza yote, bila kujitetea. Aliona aibu iliyomchoma kuliko msiba wenyewe.

"Kwa hiyo ilibaki kura moja," Keziah alisema taratibu, "nayo ulikuwa nayo wewe."

"Ndiyo, shemeji."

"Usiniite hivyo."

Akawaita wachimbaji wanne wabebe jeneza. Trask aliposogea kuwa wa tano, hakuna aliyempisha.