Kikombe cha Mukamurenzi

Mukamurenzi alipopooza upande wa kuume, maneno nayo yalimkatika. Alirudishwa kutoka hospitali hadi nyumbani, mtaa wa Katindo, akiwa anasikia kila kitu, lakini mdomo haukuweza kutamka hata jina la binti yake. Muganga alisema wampe kinywaji kidogo kidogo, wasimwache akauke.

Mumewe, Muzee Habarurema, hakuwa mtu wa jikoni. Kule Masisi alikuwa na ng'ombe wake mpaka vita vilipowamaliza, ndipo wakashuka Goma kukaa karibu na binti yao Umurerwa. Lakini siku ile alivuta babula, lile jiko la makaa, karibu na mlango, akawasha makala, akasema chai ya mke wake ataipika yeye.

Alijua chai moja tu. Maziwa matupu bila maji, majani ya chai, tangawizi iliyopondwa na sukari nyingi; inachemka mpaka inapanda, unaitoa, unairudisha, inapanda tena. Hiyo ndiyo Mukamurenzi alimpikia kila asubuhi tangu walipooana, na kila asubuhi walikunywa pamoja.

Alimwinua mkewe kwenye mto, akampelekea kijiko. Mukamurenzi alifunga mdomo, chai ikamtiririka kidevuni.

"Labda ni moto sana," akasema Umurerwa.

Wakaipoza. Mukamurenzi akageuza uso ukutani. Kesho yake Muzee alisema ni kosa la maziwa, kwamba wauzaji wa mjini wanayachanganya na maji. Akatoka mapema kungoja pikipiki zinazoleta maziwa kutoka Masisi, akarudi na maziwa yaliyokuwa bado na harufu ya majani ya malisho. Akapika upya. Mkewe alinusa, macho yakamjaa machozi, akafunga mdomo.

"Anataka kujiachia," Muzee akamwambia binti yake huko nje, kwa sauti ya chini. "Mutu anayekataa maziwa, huyo amechoka na dunia."

Jirani yao, Mama Namegabe, mjane wa kutoka upande wa Bukavu, alikuja kumwona mgonjwa akiwa na termosi kwapani. Alikaa kitandani, akamsalimia, akamwagia chai yake kikombeni bila kuuliza mtu. Haikuwa na maziwa wala sukari. Ilikuwa sitroneli, yaani mchaichai, na majani mawili ya mlimao, rangi ya kijani hafifu, na chumba kizima kikanukia.

Mukamurenzi akainua mkono wa kushoto. Alikunywa mpaka kikombe kikaisha, taratibu, Mama Namegabe akimfuta mdomo kwa kitenge.

Muzee alikuwa amesimama mlangoni.

"Anakunywaka hii?" akauliza.

"Tangu mulipofika hapa, Papa. Kila siku, jua likisha kupanda, anakujaka kwangu tunakunywa."

"Na maziwa?"

Mama Namegabe alimtazama kwanza mgonjwa. Mukamurenzi alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

"Maziwa ya moto yanamuchefua. Tangu mimba ya Umurerwa."

Umurerwa alikuwa na watoto wake wakubwa sasa. Muzee akaingia ndani.

"Juu ya nini hakuniambiaka?"

"Nilimuuliza ile swali. Alisema huko Masisi aliona ni kitu kidogo, ulikuwa unafurahi. Na ng'ombe walipokwisha, alisema umepoteza bote, asikunyang'anye na ile chai."

Muzee alitoka, akaketi kwenye mawe meusi ya ua, mgongo kwa nyumba. Umurerwa alimfuata, akamkuta analia bila sauti. Hakuwa amepata kumwona hivyo, hata walipopoteza mifugo. Akarudi ndani akamwacha.

Asubuhi iliyofuata Muzee alikwenda kwa Mama Namegabe kuomba majani. Chai yake ya kwanza ilikuwa chungu, kwa sababu aliyachemsha kama alivyozoea. "Hii haichemshwi, Papa," jirani akamwambia. "Maji yakichemka, toa motoni, tia majani, funika, ngojea." Akajifunza kungoja. Yeye mwenyewe hakuipenda, aliiona kama maji ya kunawia, lakini alikunywa pamoja na mkewe.

Kuanzia hapo akaanza kumuuliza mambo. Mukamurenzi alimbana kidole kwa ndiyo, akauacha mkono ulegee kwa hapana. Dirisha lifunguliwe? Kitanda kigeuzwe? Amwimbie wimbo wa kanisani au anyamaze? Alishangaa mara nyingi. Kitenge cha bluu alichomnunulia kila Noeli, kumbe hakukipenda.

Mvua zilipoanza Mukamurenzi alidhoofika, na siku moja Muzee alimuuliza lile alilokuwa analiogopa.

"Nikupeleke Masisi, kwa makaburi ya wazazi wangu?"

Mkono ulilegea.

"Hapa Goma? Karibu na mutoto?"

Akabana, na hakuachia kwa muda mrefu.

Alipofariki, ndugu za Muzee walishuka kutoka Masisi wakiwa wamekwisha kupanga safari ya kumpandisha kwao. Mkubwa wao, Mbarushimana, alisema ni aibu mke wa Habarurema kulala kati ya wageni. Walizungumza sana. Muzee aliwaacha wamalize.

"Atazikwa hapa," akasema.

"Nani amesema?"

"Yeye. Nilimuuliza."

Walimzika kesho yake alasiri, mvua ikinyesha. Mbarushimana alishika jembe pamoja na wengine.